Kinywa cha Mhubiri

Mkalimani wa ibada yetu sisi Wakenya hapa Bur Dubai huja na viatu vya kazi yake ya ulinzi, husimama ubavuni mwa mhubiri wa Kiingereza. Mhubiri akiinua mkono, naye huinua. Akilia, naye hulia. Akisema "mimi", naye husema "mimi", mpaka unasahau kwamba wako wawili. Juzi mhubiri mgeni kutoka Nairobi akainua mkono, akanguruma kwamba Kenya ni nchi ya Kristo, asiyebatizwa asipige kura wala asipewe cheo. Waliojua Kiingereza wakapiga makofi. Mkono wa mkalimani haukuinuka. Nikadhani kasahau neno. "Yeye anasema," akaanza polepole, naye hajawahi kutafsiri hivyo, "yeye anasema jirani yangu Mwislamu asipige kura. Mimi sijasema."