Mgeni wa Kona ya Mbali

Ipo asubuhi moja ninayoikumbuka kila nisikiapo chuma kikikwaruza kitu kigumu. Ni asubuhi niliyomwambia "karibu" mtu nisiyemwona, nikiwa peke yangu juu ya barafu.

Keti, mwanangu, nikueleze taratibu, maana najua wewe barafu unayoijua ni ya kwenye friji na ile ya njiani mwezi wa Januari. Ukitaka kunijibu kwa Kiingereza, jibu. Muhimu usikie.

Wakati huo nilikuwa msichana wa umri wako. Shangazi yangu, Bi Salma, alinileta London nikiwa mdogo, miaka michache baada ya Mapinduzi, akanilea hapa hapa Walthamstow, juu ya duka la vitambaa. Yeye alikuwa nesi. Mimi shule ilinipeleka siku moja kwenye uwanja wa barafu, nikaanguka, nikacheka, kisha nikarudi mwenyewe bila kupelekwa na mtu. Nilirudi mpaka nikaingia katika klabu ya mbio.

Mbio zetu zilikuwa za kuzunguka. Uwanja ni mdogo, mnakimbia wachache kwa pamoja, na siku zote mnapinda kushoto. Kwenye kona huwekwa vipande vya mpira mweusi kuonyesha njia, na ukifika hapo unalala ubavu hata vidole vya mkono wa kushoto vinapapasa barafu. Chuma cha kiatu ni kirefu na kikali kama kisu cha buchani. Kwa hiyo mchezo una adabu yake: anayetaka kupita ndiye anayebeba dhamana ya kupita salama, na aliye mbele hana ruhusa ya kumzibia njia mwenzake aliyekwisha kuingia upande wa ndani. Mkigongana konani, mnakwenda wote mpaka ukutani, na vyuma vinakwenda pamoja nanyi.

Nilipenda kuwa wa kwanza kuingia. Mashine ya kulainisha barafu ikishapita, uso wote unakuwa mweusi unaong'aa, hauna mkwaruzo hata mmoja, na taa za juu zinaonekana kama zimewashwa chini yake. Asubuhi hiyo kocha wetu, Bwana Len, alikuwa bado anafunga kamba za viatu. Nikazunguka pole pole kupasha mwili moto. Nilipofika kona ya mbali nikasikia chuma kingine nyuma yangu. Kwaaa, kwaaa, nusu hatua baada ya changu. Nikadhani ni Wendy, mwenzangu wa klabu. Nami kwa malezi ya nyumbani, bila kugeuka, nikasema, "Karibu."

Nilipotoka konani nikageuka. Hapakuwa na mtu. Wendy alikuwa amekaa kwenye benchi anakula tosti.

Unacheka. Cheka tu, hata mimi nilicheka siku ile. Lakini mbali na alama ya kiatu changu palikuwa na alama nyingine, nyembamba, upande wa ndani, karibu kabisa na vile vipande vya mpira. Bwana Len aliiona pia, akafurahi.

"Sasa umeanza kukata kona kama watu," akaniambia. "Nilidhani nitakufa kabla sijaiona siku hii."

Sikumwambia kwamba ile haikuwa yangu.

Tangu hapo kila nikiingia barafuni, sauti ile ilikuja. Sikuwahi kuona sura wala kivuli. Nilisikia chuma, na nikifika kona ya mbali nilihisi ubaridi begani, upande wa kushoto, kama mtu anayepumua kwa kinywa kilichojaa theluji. Nami niliikimbia. Mwanangu, niliikimbia kwelikweli. Wiki baada ya wiki nikawa mwepesi kuliko nilivyopata kuwa. Wasichana waliokuwa wakiniacha nikaanza kuwaacha.

"Zuhura, nani kakuchoma pini?" Wendy aliniuliza tukivua viatu. Alikuwa msichana mrefu, mcheshi, baba yake muuza samaki sokoni. "Niambie nami anichome."

"Wewe kula tosti zako."

"Nitakula tosti na nafasi nitachukua," akasema, akanirushia glovu.

Nafasi aliyoitaja ndiyo iliyokuwa ikitukosesha usingizi sote wawili. Klabu ingepeleka msichana mmoja tu kwenye mashindano makubwa ng'ambo, na mbio za kumchagua zilikuwa zimekaribia. Kabla ya kuja kile kitu, kila mtu alijua atakwenda Wendy. Sasa hawakuwa na hakika. Nami nikawa najiambia maneno ya wazee: mgeni njoo, mwenyeji apone. Nikaona nimepata mgeni wa heri.

Aliyeng'amua ni Shangazi. Alikuwa ametoka zamu, yumo jikoni anasonga ugali, nami nikaingia na mkoba wangu wa viatu. Akanitazama, akaacha mwiko.

"Unamshikia nani mlango?"

Nikatazama mkono wangu. Nilikuwa nimeingia, nimesimama pembeni, na mlango bado nimeushika wazi, kama unavyomshikia mtu mzima anayekuja nyuma polepole. Sikuwa najua kwamba nafanya hivyo. Upepo wa ngazini ukaingia, ukapita kati yetu, na moto wa jiko la gesi ukalala upande mmoja kisha ukainuka.

Shangazi akaja, akaufunga mlango mwenyewe. "Kaa," akasema. "Tangu lini?"

Nikamweleza. Hakushtuka, watu waliofanya kazi wodini hawashtuki ovyo. Aliuliza jambo moja tu: nilisema nini mara ya kwanza. Nilipomjibu, akafumba macho.

"Karibu si neno la kutupa, mwanangu. Ukishalitoa, huyo ni mgeni wako. Umemwita, amekuja, kosa lake nini?"

"Sasa nifanyeje?"

"Ulimwona nani kwetu anamfukuza mgeni? Mgeni husindikizwa. Unampisha mbele, unamfuata kwa adabu hadi mlangoni, unamuaga. Basi."

Kumpisha. Hilo ndilo lililonichoma, kwa sababu nilijua kasi yangu inatoka wapi. Nikamwomba asubiri mpaka mbio zipite.

"Mgeni siku ya tatu hupewa jembe," akasema Shangazi. "Wewe wako umemfanya ndiye akulimie, na wewe umekaa unakula. Siku akidai chakula chake, utampa nini?"

Nikauchukua mkoba wangu wa viatu, nikaenda chumbani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na sisi wa barafuni methali hiyo tuliijua kwa mifupa, lakini kijana anayekaribia kushinda masikio yake huwa na pamba.

Siku ya mbio ilifika. Wazazi wachache walikaa kwenye viti, na Shangazi alikuwa kazini. Bwana Len alimwaga maji ya ndoo kwenye kona ili yajaze mikwaruzo, akangoja yagande, kisha tukapangwa kwenye mstari. Bastola ikalia nikatoka mbele. Nilikuwa mbele mzunguko baada ya mzunguko, na nyuma yangu nilisikia chuma, nikazidi kukimbia. Kengele ya mzunguko wa mwisho ikalia. Palibaki kona ya karibu na kona ya mbali, na baada yake nafasi ilikuwa yangu.

Katikati ya kona ya mbali nikahisi pumzi kwenye bega la kushoto. Nikasikia vyuma viwili.

Mwanangu, hapo ndipo nilipoogopa hofu ya kweli. Kimoja kati ya viwili kilikuwa cha Wendy, naye, kama nilivyokuja kujua baadaye, alikuwa ameingia ndani yangu, amelala ubavu, shingo yake iko sawa na viatu vyangu. Lakini wakati ule sikujua ni kipi. Zile wiki zote nilizoea kuukata upande wa ndani kila niliposikia sauti ile, kuizibia njia, maana niliamini hapana mtu. Miguu yangu ilikwisha kujua kazi hiyo na ilianza kuifanya. Kama aliye upande wa ndani ni yule mgeni, nimeshinda. Kama ni Wendy, namkata.

Nikafungua njia. Nikanyoosha mwili, nikaenda upande wa nje, na kinywa changu kikasema, "Pita."

Wendy akapita akihema. Na nyuma yake, sikuona kitu, lakini nikasikia kwaaa, kwaaa, nusu hatua baada yake.

Wendy akashika nafasi ya kwanza. Bwana Len alinijia uso umemwiva. "Ulikuwa unampisha nani, malkia? Hii ni mbio au foleni ya basi?" Wendy alinikumbatia, akasema ahsante kwa kutomkata, macho yake yamejaa machozi ya furaha. Nilimpongeza, na nikawa nimemaanisha. Mwili wangu ulikuwa mwepesi. Masikio yangu yalikuwa na utulivu nilioanza kuusahau.

Kisha tukatoka. Wendy alitangulia kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo. Akausukuma, akapita, akasimama pembeni ameushikilia wazi. Nilidhani ananishikia mimi. Lakini hakuwa akinitazama mimi. Alikaa hivyo, na sisi wote tulikwisha kupita.

Nilimsimulia Shangazi jioni ile nikidhani atanisifu. Nilikuwa nimekosa nafasi, lakini nilimpisha mgeni kama alivyoniagiza. Alisikiliza hadi mwisho. Sijapata kumwona amekasirika namna ile, na hakupandisha sauti.

"Na mwenzio umemwambia?"

"Bado."

"Zuhura. Umemsindikiza mgeni wako mpaka nyumba ya jirani, ukamwacha barazani, ukarudi kulala. Hiyo ndiyo adabu niliyokufunza?"

Maneno hayo yaliniingia kuliko ubaridi wa kona ile. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndivyo wasemavyo. Mabega yasiyoubeba huona ni mwepesi. Mimi nilikuwa nimeshapumua, basi nikaona mambo yamekwisha.

Asubuhi tulikwenda wawili, Shangazi na koti lake la nesi juu ya gauni refu, mtandio kichwani. Wendy alikuwa amefika kabla yetu. Alikaa kwenye benchi lakini hakuwa na tosti, na viatu alikuwa hajavaa. Nilipoanza kumweleza alicheka kidogo. Nilipofika kwenye pumzi ya begani akaacha kucheka.

"Nilidhani ni woga wa safari," akasema. "Mama aliniuliza jana kwa nini naacha mlango wazi." Akatazama barafu. "Zuhura, nikiiacha ipite nitashindwa huko ng'ambo?"

Sikutaka kumdanganya. "Huenda. Mimi nilishindwa hapa."

Akafikiri. Kisha akavaa viatu.

Mashine ilikuwa imekwisha kupita, barafu nyeusi, tupu. Tuliingia pamoja, tukazunguka bega kwa bega, bila haraka. Konani tukaisikia. Wendy akanishika mkono. Tukanyooka, tukaenda upande wa nje, tukaacha njia wazi. Ubaridi ukapita kando ya mashavu yetu, na mbele yetu, mahali ambapo hapakuwa na mtu, mstari mwembamba ukaanza kujichora kwenye barafu. Tukaufuata. Hatukuusukuma wala hatukuukaribia mno. Ulizunguka uwanja mzima, ukapinda, na kwa mara ya kwanza ukapinda kulia, kuelekea geti la kutokea.

Shangazi alikuwa amesimama pale, ameshika geti wazi.

"Ahsante kwa kuja," akasema kwa sauti ile ile aliyowaagia wageni wa Idi. "Umetutembelea vya kutosha. Nenda salama."

"Kwaheri," nikasema. Wendy naye akajaribu neno hilo, akalivunja vibaya, lakini alilisema.

Tulisikia chuma kikikanyaga zulia la mpira. Hatua chache, nzito kuliko nilivyotarajia, kama za mtu mzima aliyechoka. Kisha kimya. Shangazi akafunga geti, akatuambia tuna midomo ya buluu, twende tukanywe chai.

Wendy alikwenda ng'ambo. Hakuleta medali. Alikimbia kwa miguu yake mwenyewe akarudi mzima, na kila nilipomwona miaka iliyofuata alikuwa mtu anayeingia mlangoni na kuufunga. Mimi niliendelea na mbio, nikawa wa kawaida, nikafurahi kuliko nilipokuwa wa ajabu. Nilijifunza kukata ile kona vizuri, pole pole, kwa mazoezi. Ilinichukua muda mrefu. Bwana Len alisema ningekuwa naishi mara mbili ningefika mbali.

Sasa sikiliza ninalotaka ulibebe. Nakuona unavyokimbia na masomo na kazi, na watu wanakusifu kwa kasi yako. Nami nafurahi, usidhani sifurahi. Lakini siku moja ukiwa umetulia jiulize unakimbilia nini, au unakimbia nini. Hofu ni mkimbizaji hodari. Itakufikisha mbele ya watu wengi, na haitakuambia ni lini imetosha. Ukigundua imo nyumbani, usione haya, wala usipigane nayo kwa ngumi. Ipishe, ifuate hadi nje, iage. Huenda ukapoteza nafasi uliyoitamani. Kasi utakayobaki nayo itakuwa yako, hata ikiwa ndogo, na inaweza kukuzwa.

La pili ndilo zito. Jambo lililokuelemea likiisha kukutoka, tazama limekwenda kwa nani. Limekwenda kwa ndugu, kwa rafiki, kwa yule anayeshika nafasi uliyoiacha. Mwendee. Mwambie ulichokiona, hata kama atakucheka, hata kama alikushinda. Usipumue peke yako.

Mola akujaalie mwili wenye afya na moyo usiosumbuka. Akupe wenzio wa kukutakia kheri ukiwa mbele na ukiwa nyuma, na wewe uwe mwenzi wa namna hiyo kwao. Akuweke, akukuze, akuonyeshe wajukuu. Amin.