Nilimwacha Mama Mkwe Langoni ili Apate Kitanda

(Jina na kijiji cha mwandishi tunavijua. Tumevificha kwa ombi lake. Mwenye la kumjibu atuandikie, tutalichapa hapa hapa.)

Wasomaji wenzangu, wakubwa wote shikamooni. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, Msukuma wa huku Shinyanga. Nilisoma kidogo shule ya misheni, kwa hiyo barua hii naiandika kwa mkono wangu. Nimeomba jina lifichwe kwa sababu gazeti likifika kwetu, fundi cherehani hulisoma kwa sauti pale dukani, na hao ninaowasema watakuwa wamekaa hapo hapo. Wasikilize tu.

Mume wangu alikwenda Geita kwenye dhahabu, akapata mwanamke huko, akatuma watu waseme hanitaki tena. Shauri likaamuliwa, kaka zangu wakarudisha ng'ombe wa mahari. Kwetu ng'ombe wakisharudi ndoa imekwisha, mwanamke anabeba vyungu vyake anakwenda kwao. Lakini masika hayo hayo mama yake, ambaye mimi namwita mayu, yaani mama, alianguka shambani na upande mzima wa kulia ukafa. Hasimami, wala hawezi kujigeuza kitandani. Mtoto ni huyo huyo mmoja wa Geita. Baba wadogo wa mume wangu walikuja watatu kuchukua ng'ombe. Kumchukua mayu hakuja hata mmoja.

Nikabaki. Huu ni mwaka wa nne namwogesha, namlisha uji wa mtama, namgeuza asichubuke mgongo, asubuhi namtoa juani nimemlaza juu ya ngozi, nikirudi kutoka kwenye pamba namwingiza. Msidhani mimi ni malaika. Namkaripia, naye ananikaripia. Nikimlisha haraka husema, "Taratibu mwanangu, mimi si ndama." Tumezoeana hivyo. Ila kiuno changu sasa kimegoma. Mwezi uliopita nilimwinua, nikaanguka naye, tukalala pale chini wote wawili mpaka jirani alipopita.

Ndipo nikasikia kuna nyumba ya kulelea wasiojiweza, mwendo wa siku nzima kutoka kwetu, ina vitanda, na wauguzi wa kumgeuza mgonjwa kwa zamu. Majirani wanne wakambeba kwa machela. Karani akafungua daftari, akamuuliza mayu, "Bibi, nani kakuleta?"

"Mkwe wangu huyu."

"Basi una mtu. Nyumba hii ni ya wasio na mtu."

Nikamweleza kwamba ng'ombe walirudishwa, kwa mila mimi si mkwe wa mtu yeyote. Akasema sawa, bibi aseme kwa kinywa chake kuwa hana mtu, ataandikwa sasa hivi. Mayu akanitazama, akamtazama karani, akasema, "Nitasemaje sina mtu na mwenyewe amesimama hapa?" Daftari likafungwa.

Tulipokuwa tunatoka, karani akanifuata pembeni. Akaninong'oneza, tena kwa huruma kabisa, "Mama, siku nyingine usiingie naye. Mweke langoni uende zako. Tukimkuta peke yake tunampokea."

Sasa ninakiri. Nilifanya hivyo. Gari la ng'ombe la jirani lilikuwa linapeleka pamba kwenye kinu cha kuchambulia kilicho karibu na nyumba ile, nikamlaza juu ya magunia. Tulipofika langoni nikamkalisha chini ya ukuta, kibuyu cha maji ubavuni, nikamwambia nakwenda kutafuta kivuli kizuri zaidi. Nikajificha nyuma ya ua wa minyaa. Karani akatoka na wauguzi wawili, wakachuchumaa. Nikasikia akiulizwa kama yuko peke yake.

Mayu akajibu, "Hapana. Mwanangu kaenda kutafuta kivuli. Subirini kidogo, anakuja."

Nilitoka. Ningefanya nini? Karani akanijia juu, akasema nimeharibu mwenyewe, kitanda kilikuwa tayari. Hapo hasira yangu yote ikapata mlango. Nikamwambia mbele ya wauguzi, "Mzee asiye na mtu mnampa kitanda. Mwenye mtu mmoja aliyevunjika kiuno mnamwambia amtupe kwanza. Hiyo sheria inalea wazee au inafundisha watu kuwatupa?" Akasema hakuitunga yeye. Nikamwambia aliyeitunga aje aniangalie usoni. Muuguzi mmoja alikuwa anafuta machozi.

Mayu hajaniuliza hata siku moja nilikuwa nyuma ya ule ua nikifanya nini. Nadhani anajua. Ninaona haya, na haya hiyo ni yangu, nitaibeba. Lakini ya sheria ile sitaibeba mimi.

Nataka kwenda kwenye baraza la mtemi, siku wakubwa wa nyumba ile watakapokuwepo. Nitaomba mambo mawili. Nyumba ipokee na wenye watu, nasi tuwe tunakuja kuwaogesha wazee wetu huko huko. Na vitanda vikijaa, muuguzi atembelee vijijini, amgeuze mayu hata siku mbili kwa juma, kiuno changu kipumzike. Kaka yangu anasema nitamwaibisha. "Utasimama pale kama nani?" ananiuliza. "Mke si mke, mkwe si mkwe." Fundi cherehani naye anasema watanifukuza kabla sijamaliza salamu.

Nishaurini, ndugu zangu, nikasimame pale kama nani? Maana kusimama nitasimama. Ila anayetaka kuniambia nimrudishe langoni asipoteze wino wake. Safari hii nitamwingiza mayu barazani kwa machela, mchana, mbele ya watu wote, na wakimuuliza ana nani, namwacha ajibu mwenyewe.