Kanzu Niliyomvisha Baba

Kadi yenyewe ilikuwa ndogo, ya kutiwa ndani ya pakiti za majani ya chai, Unguja kabla ya Mapinduzi. Mbele yupo baba yangu, kaptura nyeupe, gongo la hoki mkononi, mapaja yamekaza. Nyuma kuna mistari ya Kiingereza inayosema kuwa ni winga wa kushoto, mwepesi kuliko wote kisiwani. Sisi watoto hatukujua Kiingereza, kwa hiyo alitutafsiria mwenyewe, na kila akitafsiri alijiongezea bao.

Alianza hoki akiwa skuli, kwa gongo alilolichonga kwa tawi la mpera. Akachaguliwa timu ya kisiwa, akavuka kwenda kucheza Dar es Salaam na Mombasa, na huko Wahindi na Magoa wakawa wanamwulizia kabla timu haijateremka melini. Kisha yakaja Mapinduzi. Jezi, vikombe, vipande vya magazeti, vyote vilibaki katika nyumba tuliyoitoka na nguo za mwilini tu. Kadi ilinusurika kwa sababu mama alikuwa ameitia ndani ya msahafu, na msahafu ndio kitu pekee alichotoka nacho.

Miaka ya sabini tukahamia Ibra, Omani, mji wa babu zake baba. Huko akapata kazi ya kutunza ghala la skuli: chaki, madaftari, mafagio. Winga wa kushoto, na mafagio! Mpaka leo nikikumbuka roho inanichemka.

Jioni moja aliipeleka kadi kwenye sabla, ukumbi wanakokaa wanaume wa mtaa, akidhani watamheshimu. Mzee mmoja aliishika kwa ncha za vidole. "Astaghfirullah! Ndiye wewe huyu? Mapaja nje?" Wakacheka. Kesho yake, kwenye mfereji wa falaji tulikochota maji, watoto wenzangu wakaniita binti wa yule aliye uchi.

Nilikuwa na miaka tisa na kalamu ya wino wa buluu. Nikaitoa kadi msahafuni, nikamchorea baba kanzu mpaka kwenye vifundo vya miguu, na kofia kichwani. Gongo nikaligeuza bakora ya kutembelea. Akawa mwanamme wa Ibra barabara. Nikairudisha mahali pake, moyo umenitulia.

Mwaka haujaisha, skuli ikataka mwalimu wa michezo. Mwalimu mkuu alimwambia baba kuwa mkaguzi anakuja kutoka Nizwa, basi alete chochote cha kuonyesha kwamba aliwahi kucheza. Baba hakuwa na cheti. Alikuwa na kadi. Asubuhi ile alijifukiza udi, mama akamtolea msahafu, naye akaichukua kadi akaifunga kwenye leso bila ya kuitazama. Ya nini kuitazama, na alikuwa akiijua kuliko alivyoujua uso wake? Mimi nilifurahi. Leo, nilijiambia, hakuna atakayemcheka.

Alirudi kabla ya adhuhuri. Mkaguzi alikuwa ameitazama kadi, akaigeuza asielewe Kiingereza cha nyuma, akamwuliza ni mchezaji gani anayecheza na kanzu, kisha akamwita mtu mwengine. Kazi ikaenda kwa huyo mwengine. Baba aliiweka kadi juu ya mkeka.

"Nani kanivisha?"

"Mimi, baba. Wasikucheke tena."

Nilingoja kofi. Afadhali angenipiga.

"Ahsante, mwanangu," alisema, akaenda kubadilisha nguo arudi ghalani.

Mama alijaribu kuufuta wino kwa ndimu. Wino ukatoka pamoja na miguu, pamoja na gongo, ikabaki karatasi tupu chini ya uso unaocheka. Tangu siku ile baba hakutaja tena hoki nyumbani, na sisi tukaogopa kumwuliza.

Miaka ya themanini, kifua kilipomzidi, tulimlaza hospitali Nizwa. Muuguzi, binti wa watu wa Unguja kama sisi, alikuja na fomu yake ya maswali ya wagonjwa wa kifua.

"Shikamoo, baba. Ulikuwa ukifanya kazi gani? Na tangu ujana, kuna mchezo wowote uliowahi kucheza?"

Nilisimama karibu na kitanda nikiomba kwa Mungu kwamba baba aitaje hoki. Baba alinitazama mimi kwanza, ndipo akamgeukia.

"Marahaba, mwanangu. Kazi yangu ghalani. Mchezo sijacheza."