Anastasia Aliyekalia Begi

Anastasia wa Chilangala, ambaye wengi humwita Mama Danieli, anapalilia mikorosho yake mwenyewe na hapendi kuonewa huruma. Aliwahi kwenda ng'ambo kufanya kazi za ndani. Tajiri wake akamnyang'anya pasipoti, akamfungia nyumbani. Aliokolewa na shirika linalofanya kazi pamoja na polisi wa nchi ile na wa kwetu. Aliporudi, wapo waliomcheka kwamba kaenda mbali kufuata kanga moja. Aliwajibu, "Nimerudi na shingo yangu. Ya kwako mbona imeinama?"

Ni mtani wa ukoo wetu. Kwetu mtani ana ruhusa yake. Kwenye msiba au sherehe anaweza kukamata sufuria ya wali au kufunga njia, na hakuna wa kumkasirikia. Unamkomboa kwa kumpa anachotaka, mnacheka, yanaisha.

Mwaka jana, korosho zilipokwisha kuuzwa, dada yangu Agatha aliandaa sala ya kumuaga binti yake, Happiness. Mama mmoja wa mjini, Esther, alikuwa amemtafutia kazi ya hoteli ng'ambo, na gari lilikuwa nje tayari kwa safari. Kwa desturi yetu mtoto wa dada hatoki bila neno la mjomba, na mjomba ni mimi. Lakini maneno hayanitoki mbele za watu. Walikuwa wananingoja, nami nikawa natazama sahani.

Anastasia akaingia na jembe begani, akalikalia begi la Happiness.

"Haya, watani! Begi limepata mwenyewe."

"Mama Danieli, utavunja zipu!" akasema jirani yetu Bwanali.

"Ikivunjika utashona wewe, mvivu usiye na shamba."

Watu wakacheka. Agatha akamletea paja la kuku, akakataa. Akaletewa kanga mpya, akakataa.

"Sasa unataka nini, mtani?"

"Pasipoti ya mtoto, aishike mwenyewe. Na simu ya hiyo hoteli, tuipige hapa hapa. Nikipewa, begi nalibeba mimi mpaka garini."

Kicheko kikakatika. Esther akasema, "Pasipoti nakaa nayo mimi. Ndio utaratibu."

"Aliyenipeleka mimi naye alisema utaratibu."

"Huyu ana wivu. Mtoeni!"

Hakuna aliyesogea. Mtani hatolewi. Esther, mgeni wa watu, hakulijua hilo. Akamshika Anastasia mkono, akamvuta, akamwita mbwa. Wazee wakaguna kwa pamoja.

"Vuta tena," alisema Anastasia bila kuinuka. "Nimevutwa na wenye nguvu kukushinda."

Happiness akanyoosha mkono. "Mama Esther, shikamoo. Nipe niitazame tu."

Esther akaukumbatia mkoba wake. "Nimegharamia safari hii. Ukiitaka, nirudishie kwanza gharama zangu."

Hapo nikasimama.

"Haendi," nilisema.

"Kwa sauti, mjomba!" Anastasia akanifokea. "Unamwambia kuku?"

"Haendi! Mimi ndiye mjomba wake, nimesema haendi!"

Esther akakimbilia gari. Bwanali alikwisha kukaa juu ya boneti, anakula lile paja la kuku. Anastasia akawapigia simu watu wa lile shirika, nao wakawaita polisi wa Newala. Ndani ya mkoba zilikutwa pasipoti za wasichana wengine. Tuliambiwa polisi wa ng'ambo nao wanaitafuta hiyo hoteli, ambayo mpaka leo haijaonekana. Kesi ipo mahakamani, na Anastasia amekubali kutoa ushahidi. Wametumwa watu kumtisha. Amewapa jina lake lote na njia ya kufika kwake.

Siku hizi akisikia kuna binti anaagwa, anakwenda. Majuzi alikwenda Lupaso, nikamsindikiza. Alipokalia begi, baba mwenye nyumba alimjia juu.

"Wewe mama si mtani wetu! Hapa huna ruhusa!"

"Basi nikasirikieni," alisema Anastasia, akakaa vizuri.