Folda za Namba

Odalmis alikuwa mpiga picha hapa Bayamo, Kuba, na riziki yake ilitoka kwa wasichana wanaotimiza miaka kumi na mitano, umri ambao huku hufanyiwa sherehe kubwa. Aliwavisha magauni ya kukodi na kuwapiga picha mpaka mashavu yakawauma kwa kutabasamu. Kila kazi aliiweka kwenye kompyuta, na nakala ya akiba kwenye diski ya kubebeka. Diski ilikuwa moja tu, na haikutulia nyumbani. Kila Jumatatu ilizunguka mtaani ikibeba mzigo wa wiki, zile tamthilia na sinema ambazo kila nyumba hunakili kwa jirani. Kumnyima mtu diski ni kutafuta ugomvi. Ndiyo maana folda zake alizipa namba badala ya majina, wambea wasimwone binti wa mtu kabla hajafutwa chunusi kwenye picha.

Kompyuta ilipokufa, hakubabaika. Aliazima nyingine, akachomeka diski arudishe kazi zake. Akakuta tamthilia za Kituruki zimejaa tele. Folda zake za namba hazikuwepo hata moja, ikiwemo ya binti wa jirani, Leidis.

Mama yake Leidis, Yamila wa nyumba ya pili, alikuwa sebuleni akingoja. Wiki iliyopita alimzika mama yake mzazi, bibi Zenaida, na picha ya mwisho ya bibi ilikuwa humo: anamfunga mjukuu utepe wa gauni.

"Vipi, zinarudi?" Yamila aliuliza.

"Zinarudi. Polepole tu."

"We fanya taratibu, shoga. Mimi siendi popote. Nakuchemshia kahawa."

Zilikuwa hazirudi. Dirisha la chumba lilikuwa na nondo, na mlango wa pekee ulitokea sebuleni kwa Yamila; pa kutorokea hapakuwepo. Odalmis alijaribu programu ya kufukua vilivyofutwa, ikamletea vipande vya kijivu. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Umeme ulipokatika, alishukuru kimoyomoyo.

Lakini Yamila hakuondoka. Aliingia na vikombe viwili, akaketi naye kitandani, goti kwa goti.

"Kumbe ni diski hii? Si ndiyo uliyoniazima mama alipokuwa hoi? Mwenzangu, ilinifaa. Tulitazama ile tamthilia mpaka mwisho, mama anamtukana yule mama mkwe wa kwenye tamthilia hadi anasahau maumivu." Akacheka kidogo. "Ila wewe nawe, umeijaza takataka. Folda za namba namba tu. Nikazifagia zote ili tamthilia ienee."

Neno lilimfika Odalmis kwenye ncha ya ulimi; angelisema tu, angekuwa huru. Akamtazama Yamila, bado anatabasamu kwa ajili ya mama yake na yule mama mkwe.

"Yamila, picha hazipo. Nilizifuta mwenyewe. Uzembe wangu."

Yamila aliweka kikombe chini taratibu.

"Muda wote huu unaniambia zinarudi?"

"Nilikudanganya."

"Mama alikuwa anakusifia mtaa mzima, wewe." Akainuka. Alifika mlangoni, akageuka. "Jumatatu, hiyo diski yako usiniletee."

Odalmis alibaki na vikombe viwili. Kwenda dukani, kanisani, hata kutupa taka, ni lazima apite mbele ya kibaraza cha Yamila. Njia nyingine hakuna.