Nilivyowasingizia Samaki wa Mama Mkwe

Jamani, nichekeni tu, kisha mumshukuru Mungu pamoja nami. Kampuni ya kahawa ilimpa mume wangu nyumba hapa Bunia, yenye moto wa kuota wa gazi, yaani gesi, uliojengwa ukutani sebuleni. Hakuna aliyetufundisha kuuwasha. Mama mkwe alipofika kutoka Mahagi, akitetemeka kwa baridi ya mvua, nikajifanya fundi. Nilifungua chupa ya gazi, nikazungusha kitufe hadi mwisho, ndipo nikaenda jikoni kutafuta kiberiti.

Niliporudi, sebule ilikuwa inanuka vibaya. Nikakitazama kikapu cha samaki wakavu wa ziwani alichokuja nacho mama mkwe, nikakitoa inje huku nimekunja pua.

“Mama, samaki zenu zimeoza,” nikamwambia, nikachukua njiti ya kiberiti.

Alinidaka mkono. “Acha! Samaki iko inje, na harufu ingali humu. Funga ile chupa!”

Nilifunga, tukafungua madirisha yote, tukakimbilia uani. Mgeni niliyemwaibisha ndiye aliyeniokoa. Nilipiga magoti kwenye matope kumwomba radhi, majirani wakitazama. Akaniinua, akacheka hadi machozi.

“Asante kwa kunikaribisha, muke wa mutoto wangu. Lakini leo tutaota moto wa makala, si wa gazi.”