Moshi wa Kiwanda cha Sabuni

Jana shirika lilisali kwetu. Kila Alhamisi wakristo wa mtaa wanakutana katika nyumba moja, wanasoma Injili, kisha wanazungumza shida zao. Nilitumaini shida itakuwa maji, kama siku zote.

"Ile moshi ya kiwanda itatumaliza," akasema maman kiongozi wa shirika. Watu wote wakamwangalia Papa, maana anafanya kazi pale, kwenye kiwanda cha sabuni kilicho bondeni, chini yetu.

Mimi sielewi vizuri. Kabla wageni hawajakinunua, kiwanda kilikuwa kinalala miezi mizima, na Papa analala nacho, bila mshahara. Wageni walileta mashine mpya. Sasa watu wachache wanatoa sabuni nyingi kuliko wale wengi wa zamani. Umeme ukiwepo, mashine zinaumeza, sisi tunabaki gizani. Ukikatika, wanawasha grupu, jenereta kubwa ya mafuta ya mazutu, na moshi unapanda moja kwa moja kwetu. Maman anafua shati langu la shule kwa sabuni ya Papa, analianika, linakuwa jeusi, analifua tena. Kwa hiyo sabuni inauzwa sana. Hilo sikulisema mbele ya watu.

Mdogo wangu akakohoa chumbani. Anakohoa hivyo tangu grupu lije.

Jirani mmoja, ambaye mashine mpya zilimtoa kazini, akacheka. "Papa, weye uko nakula mu ile moshi. Utasema nini?"

"Niko nakula, ndiyo. Na weye ulikuwa nakula."

"Basi wende utusemee kwa bapatron ba kiwanda. Weye banakujua."

"Bananijua. Ndiyo maana banaweza kunifukuza."

Maman alikuwa anakunja kitambaa cha meza, anakikunjua. Nilitaka Papa akatae. Nilitaka pia akubali. Niliona haya, rozari ilikuwa bado mkononi mwangu.

Mwishowe Papa akasema ataenda, ila si peke yake. Kiongozi akakubali kumsindikiza. Yule jirani pia: "Miye sina tena kazi ya kupoteza."

Leo asubuhi wameshuka watatu. Papa amevaa ovaroli, si shati la misa, ili wageni wajue kwamba amekuja kufanya kazi vilevile. Maman akaniambia niwaombee. Nilipiga magoti, nikashindwa kuchagua: grupu lizimwe, au Papa arudi na kazi yake? Nikasali Salamu Maria tu, nikaenda shule.